MFALME, BUNGE NA KAMBI YA JESHI

Wasomaji wetu wa visiwani hawana haja ya kuelezwa jinsi ufalme wenye Bunge unavyoweza kuanguka. Wa Unguja na Pemba ulidumu toka Desemba 10, 1963 hadi Januari 12, 1964. Leo tunawaomba watazame upande wa pili wa nchi, Kibondo na Kasulu.

Waha nao walikuwa na Mwami wao, Heru kule Kasulu na Muhambwe kule Kibondo. Tanganyika ilifuta utawala wa machifu mwaka 1963 kwa sheria, bila ya damu kumwagika. Ng'ambo ya mpaka, Burundi, mambo yalikwenda vingine.

Januari 1965 Waziri Mkuu Pierre Ngendandumwe aliuawa. Katika uchaguzi wa Mei Wahutu walipata viti 23 kati ya 33 vya Bunge. Mwami Mwambutsa wa Nne hakuijali hesabu hiyo. Alimteua Léopold Biha, mtu wake wa karibu, kuwa Waziri Mkuu. Oktoba askari Wahutu wakajaribu kuipindua serikali. Mwami akakimbilia Ulaya, na wabunge Wahutu wengi wakauawa kwa kisasi.

Shuleni tulifundishwa kwamba vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza, vilivyomfikisha Charles wa Kwanza kwenye shoka mwaka 1649, viliinua Bunge juu ya Mfalme. (Husahauliwa kwamba Cromwell naye alilifukuza Bunge kwa askari mwaka 1653.) Burundi mizani haikuinamia upande wo wote wa hizo mbili. Mwami alipolivunja nguvu Bunge alijivua ngao yake mwenyewe. Julai 1966 mwanawe, Ntare wa Tano, alimwondoa na kumfanya Kapteni Micombero Waziri Mkuu. Novemba 28 Micombero akaufuta ufalme. Madaraka hayakwenda Bungeni, yalikwenda kambini. Ntare mwenyewe aliuawa Gitega Aprili 1972, mauaji makubwa ya Wahutu yalipokuwa yakianza.

Gharama yake ililetwa Kigoma: wakimbizi wa 1972, kisha wa 1993, askari walipomwua Rais Ndadaye aliyechaguliwa na wananchi, kisha wa 2015. Mtabila, Kanembwa, Nduta. Mkulima wa Kasulu aligawana kuni na maji kwa ugomvi asioupigia kura.

Mwalimu Nyerere alianza usuluhishi mwaka 1996. Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 ndio ulioandika kwamba kabila moja lisizidi nusu ya jeshi. Maofisa wetu wanaopokea taarifa za mpakani waanze kuzisoma hapo, kwenye hesabu ya askari, kabla ya hesabu ya wakimbizi.