Bweni ina wenyewe

Safu ya Binti Mkumbi

Jumanne wiki hii maji yalikupwa haswa, bamvua la kutoa miamba yote nje, na kina mama wa Bweni, hapa Mafia, walikuwa huko mwambani tangu asubuhi wakichokoa pweza. Nilikwenda kumjulia hali shangazi yangu, naye nikamkuta pwani na wenzake. Anayetafuta pweza havai kama aendaye harusini. Kanga moja kibwebwe kiunoni, nyingine imepandishwa juu ya magoti, chuma mkono wa kulia, kapu mkono wa kushoto. Wanaume wa kijiji wanalijua hilo. Saa hizo hawapiti upande ule, na akilazimika kupita mtu, hukohoa mbali.

Kidude kikaja kutoka upande wa minazi. Kwanza tulisikia mvumo kama wa nyuki waliochokozwa, kisha tukakiona: ndege nyuki, nyeupe, ina jicho chini. Ikashuka. Ikasimama hewani juu ya kina mama wale, kimo cha mnazi mchanga hivi, ikawazunguka taratibu. Bibi mmoja mtu mzima, umri wa mama yangu, alikuwa ameshamshika pweza wake, mikia imeanza kumzonga mkononi. Aliachia vyote, pweza na chuma, akashika kanga kwa mikono miwili kuishusha. Pweza akarudi pangoni. Yule bibi akabaki ameinama ndani ya maji, amejifunika uso, anangoja kitu kiondoke, na kitu hakiondoki.

Nilipanda juu nikawatafuta wenyewe. Gari la kukodi limeegeshwa chini ya mwembe, wageni wanne, watatu wa nje na mmoja Mtanzania mwenzetu kutoka Dar es Salaam, na kijana mwongozaji ambaye jina lake na la kampuni yake nayahifadhi. Nilimsalimia, akaitikia vizuri tu. Nikamuuliza amepiga hodi wapi kabla ya kurusha kile kitu. Akaniambia hivi, na ninayaandika kama alivyoyasema: "Mama, huku si hifadhini. Geti liko Utende."

Tangu Jumanne maneno hayo hayajanitoka.

Wasomaji wa safu hii hawahitaji kuelezwa Utende ni wapi, ila kwa ajili ya wageni wa ukurasa huu niseme. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa 1995, chini ya Sheria Na. 29 ya 1994, na ndiyo hifadhi ya bahari ya kwanza Tanzania. Ina kilometa za mraba 822, na imeshika kusini ya kisiwa: Utende, Kiegeani, Chole, Juani, Jibondo na jirani zao. Barabara ya kwenda Utende ina kizuizi. Mgeni anasimama, anaulizwa, anaandikwa, analipa. Kwa miaka mingi wa kutoka nje ametozwa dola 20 kwa siku kabla ya kodi, na mwenyeji wa nchi kiasi kidogo zaidi. Akishalipa anapewa masharti: usiokote kombe, usikanyage matumbawe, usitie nanga ovyo. Nimesikia watu wengi wakilalamikia geti lile. Mimi naliunga mkono na nimeliunga mkono hapa tangu nianze kuandika.

Bweni iko upande wa pili kabisa, kaskazini, kilometa zinazokaribia 50 kutoka Kilindoni kwa barabara ambayo wasomaji wangu wanajua nimekwisha kuililia mpaka wahariri wakaniomba nibadilishe mada. Ni kijiji cha mwisho kabla ya Ras Mkumbi, kwenye mnara wa taa walioujenga Wajerumani 1892. Wageni wanakuja kwa ajili ya mnara huo, na kwa ajili ya mchanga wetu ambao hauna hoteli juu yake. Wanakuja zaidi msimu wa papa potwe, kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa mwaka, maana mgeni akishaogelea na potwe asubuhi huuliza mchana aende wapi. Na potwe mwenyewe hula upande wa Kilindoni, nje ya mpaka wa hifadhi. Kwa hiyo mgeni anaweza kukaa Mafia siku tatu, akaona kikubwa alichokijia, akafika mpaka ncha ya kisiwa, asikutane na mtu hata mmoja wa kumwambia hapa tunaishi hivi.

Sasa sikilizeni yaliyokuwa yakiendelea pwani hiyohiyo, siku hiyohiyo, hatua chache kutoka kwenye ule mwembe.

Kulikuwa na mashua ya wavuvi wa dago kutoka Kilwa, imefika usiku wa Jumapili. Vijana saba na nahodha wao. Walikuwa wameketi kwenye kivuli cha mkungu, nyavu bado zimefungwa, hawajatia hata kamba majini. Nahodha alinionyesha mfuko wa nailoni anaouvaa shingoni ndani ya shati. Ndani mna leseni ya chombo, leseni za uvuvi, vitambulisho vya taifa, barua ya mwenyekiti wa kijiji chake inayosema huyu ni mtu wetu, tabia yake njema, tunaomba apokelewe. Barua imekunjwa mara nne na bado imelowa pembeni. Walikuwa wamekwenda ofisi moja ya kisiwa hiki kupeleka karatasi hizo, wakaambiwa mmoja wao barua yake haina mhuri, warudi kesho. Wakarudi. Wakaambiwa mwenye mhuri hayupo. Hawakugomba. Waliketi wakangoja, wakila wali mkavu waliokuja nao.

Dago, kwa asiyejua, ni desturi ya zamani pwani hii nzima. Mvuvi anafuata upepo na samaki, anapiga kambi ugenini miezi miwili mitatu, kisha anarudi kwao. Na hiyo desturi ina masharti yake. Ukifika, unatafuta mwenyeji. Mwenyeji anakupeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji, anakupeleka BMU, kikundi cha kijiji kinachosimamia uvuvi, unaandikwa daftarini, unalipa ushuru, unaonyeshwa pa kulala na pa kuchota maji, unaambiwa saa gani kina mama wako mwambani. Ukikosea, haitwi polisi kwanza. Anaitwa mwenyeji wako, anaulizwa mbele ya watu: mgeni wako huyu vipi? Aibu inakuwa yake. Ndiyo maana wadago wengi wanaishi nasi bila ugomvi, na wengine wameoa hapa.

Basi tazameni. Mtanzania maskini anayekuja kutafuta riziki kwa jasho anabeba nyaraka shingoni na kungoja siku mbili. Mtu wa starehe anakuja na gari na ndege yake, hatafuti mwenyeji, haandikwi popote, anarusha jicho juu ya mama zetu waliokunja kanga, na anayeuliza anaelekezwa geti lilipo. Hili limenikasirisha na sioni haya kusema kwamba limenikasirisha.

Nilimuuliza yule kijana habari ya kibali cha ndege. Nchi hii haikuacha kila mtu arushe apendavyo. Inatakiwa ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na Wizara ya Ulinzi nayo iwe imeridhia. Akasema hayo ni mambo ya mteja. Nikamuuliza mteja amejuaje kama anatakiwa. Hakujibu. Yeye ndiye aliyechukua pesa zao, yeye ndiye anayejua Kiswahili, yeye ndiye aliyelelewa na mama anayevaa kanga. Wale wageni siwachukii. Mmoja wao alipoelezwa alifuta picha mbele yangu na uso ukamwiva. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Na kisiwa hiki kina kumbukumbu ndefu ya wanaoingia bila kuuliza. Magofu ya Kua, pale Juani, ni ya mji uliovamiwa na Wasakalava kutoka Madagascar mwanzoni mwa karne ya 19. Waliouawa waliuawa, waliobaki wakachukuliwa utumwani. 1890 wakubwa wa Ulaya waligawana, Mafia ikawa ya Mjerumani. Januari 1915 akaja Mwingereza, na kazi mojawapo aliyoifanya hapa ilikuwa kurusha ndege kwenda kuichungulia manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliyojificha kwenye matawi ya Mto Rufiji, mpaka ikaangamizwa Julai mwaka huohuo. Macho ya angani si kitu kipya kwetu. Mara zote hakuna mzee wa Mafia aliyeulizwa.

Kuna kwingine ambako wenyeji huulizwa kwanza. Mpwa wangu aliyesoma Pune, India, aliniambia jambo ambalo sikuliamini mpaka nikalisoma mwenyewe. Wanafunzi wenzake Wahindi walipotaka kwenda Arunachal Pradesh, jimbo la nchi yao wenyewe, ilibidi kwanza waombe kibali cha kuingia. Nagaland vivyo hivyo, Mizoram vivyo hivyo, na Manipur ikaongezwa Desemba 2019 baada ya watu wake kuidai haki hiyo miaka mingi. Yeye kama mgeni wa nje alitakiwa kibali kingine, kinachopitia kwa wakala aliyesajiliwa, anayejulikana anakaa wapi. Sheria yenyewe ilitungwa na Waingereza 1873 kwa faida ya biashara zao, lakini wenyeji wa milima ile wameishikilia, kwa sababu waliona ndugu zao wa bondeni wakija wengi, wenye fedha, na ardhi ikiondoka. Hata visiwa vya Lakshadweep, vidogo kama vyetu, Mhindi wa bara haingii hivihivi. Na jirani zetu Zanzibar, tangu Oktoba 1, 2024, mgeni wa nje hapiti bila bima ya dola 44. Hakuna aliyeacha kwenda Zanzibar.

Kuna atakayenikumbusha Ibara ya 17 ya Katiba, kwamba kila raia ana uhuru wa kwenda atakako. Naijua. Nahodha wa Kilwa naye ni raia, na ibara hiyohiyo ni yake, mbona hakuna aliyemsomea? Na kabla ya 17 kuna 16, inayolinda heshima na maisha binafsi ya mtu. Bibi aliyeinama majini Jumanne ana ibara yake pia.

Ninachotaka Bweni si geti la chuma wala dola 20. Nataka sheria ndogo. Sheria ya serikali za mitaa ya 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kuitunga, wanakijiji wakaijadili kwenye mkutano mkuu, halmashauri ya wilaya ikaipitisha. Iseme kwamba mgeni wa matembezi anafikia ofisi ya kijiji kwanza, anaandikwa jina, anakotoka, na nani kamleta. Iseme anapewa kijana wa Bweni wa kufuatana naye, na huyo kijana analipwa. Iseme ndege nyuki hairuki juu ya mwamba wakati wa maji kupwa, hata kama rubani wake ana vibali vya dunia nzima. Iweke ada ndogo yenye stakabadhi, mapato yasomwe mkutanoni kama yanavyosomwa mengine. Na iseme anayewajibika kwa kosa la mgeni ni mwongozaji aliyemleta, kama vile mwenyeji anavyowajibika kwa mdago wake. Leseni ya biashara ya utalii ameichukua ili afaidi; basi na lawama achukue.

Shemeji yangu, anayebeba abiria kwa pikipiki, ananiambia tukifanya hivyo wageni watakimbilia kwingine. Ninampenda shemeji na abiria wake wa mnara ninajua wanamsomeshea watoto. Lakini mwaka jana alimbeba mgeni aliyepiga picha ndani ya uwanja wa msiba, na aliyetukanwa siku hiyo alikuwa shemeji, mgeni alishapanda ndege. Angekuwa na karatasi ya kijiji ya kumsomea yule mtu kabla ya kumpakia, asingetukanwa.

Mwenyekiti nimeshamwona. Amesema jambo hili ataliingiza kwenye ajenda za mkutano mkuu ujao, nami nitakuwepo kuhakikisha halisomwi mwisho, watu wakiwa wamekwisha kuondoka kuwahi magharibi. Waongozaji mnaonisoma, na najua mnanisoma maana mmoja wenu alinipigia Jumatano kunitaka nisiandike, mna namba za kila hoteli ya Utende katika simu zenu. Ongezeni ya mwenyekiti wa Bweni. Kina mama wa pweza hawangoji sheria ndogo ipitishwe: wameshakubaliana kwamba kidude kikiruka tena bila wao kuambiwa, watapanda juu na makapu yao, wataketi mbele ya gari, na gari halitatoka Bweni mpaka aliyelileta ateremke mwambani kumwomba radhi kila mmoja wao kwa jina lake.