Mvuke wa Nakuru wapotea usiku, Pwani twalipia dizeli

Kila anayenunua tokeni za stima hapa Mombasa, Kilifi au Kwale huletewa ujumbe wenye hesabu ndogo ndogo. Kuna bei ya umeme wenyewe, kuna kodi, na kuna mstari wa gharama ya mafuta. Wengi wetu twatazama idadi ya yuniti tu, twaingiza nambari na kuendelea na shughuli zetu. Mstari ule wa mafuta wastahili kusomwa vizuri. Unatokana na dizeli na mafuta mazito yanayochomwa kuzalisha umeme, na mingi ya mitambo inayoyachoma iko hapa kwetu, Kipevu na Rabai. Mzigo wake wagawiwa wateja wa nchi nzima.

Wakati huo huo, huko kaunti ya Nakuru, kuna usiku ambapo mvuke unaoweza kuzungusha mitambo huachiliwa ukaenda hewani, kwa sababu nchi imelala na hakuna wa kuutumia. Mvuke huo haununuliwi kwa dola wala hauji kwa meli. Yaani taifa moja, gridi moja, lina mahali panapochomwa mafuta ya bei jioni, na mahali panapotupwa nguvu ya bure usiku wa manane. Hapo ndipo pa kuanzia kila mjadala wa umeme Pwani, uwe wa makaa ya mawe, wa nyuklia au wa bili.

Moto ulio chini ya Bonde la Ufa

Tuanze na elimu yenyewe. Bonde la Ufa ni mahali ambapo gamba la dunia linavutwa pande mbili na kuwa jembamba. Miamba ya moto iko karibu na uso wa ardhi kuliko ilivyo kwetu. Maji ya mvua huingia ardhini kupitia nyufa, hufika kwenye miamba hiyo na kupata moto mkali yakiwa yamebanwa. Mhandisi akitoboa kisima cha kilomita mbili au tatu, maji yale hupanda, mengine yakiwa mvuke. Mvuke huendesha mashine ya kuzalisha umeme, na maji yanayobaki hurudishwa ardhini ili hifadhi ile isikauke.

Kusema ni rahisi. Kufanya kumechukua umri wa mtu mzima. Visima vya kwanza vya majaribio Olkaria, karibu na Naivasha, vilichimbwa mwaka 1956 na havikuleta matunda. Kazi ikafufuliwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukawashwa. Kufikia 1985 Olkaria ilikuwa na megawati 45. Kisha mambo yakapoa kwa muda mrefu. Hatua kubwa zilikuja mwaka 2014, ilipoongezwa mitambo ya jumla ya megawati 280, na tena 2019 ulipokamilika mtambo wa tano. Leo nchi ina zaidi ya megawati 900 za jotoardhi, ya kwanza Afrika na miongoni mwa kumi bora duniani. Sehemu hii ya umeme wetu imekuwa zaidi ya thuluthi moja, na miaka mingine imekaribia nusu.

Kazi hii yote imesimama juu ya utafiti. Tangu 1979 Iceland imekuwa ikiwafundisha wanasayansi wa nchi zenye jotoardhi, na Wakenya ni kati ya waliopita huko kwa wingi. Waliporudi walikutana na matatizo yasiyo na jibu kitabuni. Maji ya chini ya ardhi yana madini yanayoganda ndani ya mabomba, mfano wa gamba jeupe linaloshika birika lililochemshiwa maji ya kisima. Mvuke huja na gesi yenye harufu ya yai viza inayokula vyuma. Huko Menengai, kando kabisa ya jiji la Nakuru, wachimbaji walipofika kina cha kilomita mbili hivi katika baadhi ya visima walikuta miamba iliyoyeyuka. Ni watu wachache duniani waliowahi kukumbana na jambo hilo. Ujuzi huo sasa ni bidhaa: KenGen imepata kandarasi za kuchimba visima Ethiopia na Djibouti.

Tena joto halitumiki kwa stima pekee. Eburru, wakulima walitumia mvuke wa ardhini kukaushia pareto tangu zama za ukoloni. Oserian, shamba la maua kando ya Ziwa Naivasha, hupasha joto vibanda vyake kwa mvuke wa kisima. Menengai, shirika la serikali la GDC limeonyesha kwamba joto lile laweza kuchemsha maziwa, kukausha nafaka, kufugia samaki na hata kufulia nguo.

Kwa nini mvuke utupwe?

Msomaji atauliza: kama kuna ziada usiku, si wafunge tu kisima wafungue asubuhi? Kisima cha mvuke si bomba la jikoni. Kukifunga na kukifungua kila siku kwatikisa joto na msukumo, na kwaweza kuharibu mabomba ya chuma na miamba inayoyazunguka. Ndiyo maana waendeshaji huona afadhali kuuachilia mvuke kuliko kuchezea kisima kilichogharimu mamilioni ya dola.

Tatizo la pili ni saa. Mahitaji ya nchi hupanda jioni, watu wanaporudi nyumbani, wakawasha taa, runinga na pasi. Mwaka 2025 kilele hicho kilipita megawati 2,300. Jua limeshatua, kwa hivyo mitambo ya sola kama ule wa megawati 40 wa Langobaya, Malindi, haisaidii tena. Hapo ndipo dizeli huwashwa na umeme wa Ethiopia, tunaoununua tangu Novemba 2022, hutegemewa zaidi. Saa sita za usiku ikifika, mahitaji huanguka na mvuke hauna mteja.

Tatizo la tatu ni njia ya kuusafirisha. Zamani Pwani ilitegemea mitambo ya mafuta kwa sababu nyaya kutoka bara hazikutosha. Mwaka 2017 ulikamilika mstari mkubwa wa kilomita 482 kati ya Mombasa na Nairobi, na hilo lilipunguza utegemezi wetu wa dizeli. Lakini umeme unaotoka mbali huja na hatari zake. Agosti 25, 2023, gridi ilipoanguka, nchi karibu yote ilikaa gizani kwa saa nyingi. Novemba na Desemba mwaka huo huo giza likarudi. Mwenye hoteli Diani na mama wa samaki Kongowea waliumia kwa hitilafu ambayo haikuanzia kwao.

Kwa hivyo ukilipima sawasawa, upungufu wetu ni wa saa chache za jioni, pamoja na uimara wa njia. Ugonjwa usipotambuliwa vyema, dawa huwa sumu.

Lamu, Uyombo na hesabu zisizoonyeshwa

Pwani tumeshaletewa dawa mbili kubwa. Ya kwanza ilikuwa makaa ya mawe Lamu, megawati 1,050. Juni 2019, mahakama ya mazingira ya kitaifa ilifuta leseni ya mradi ule, sababu kubwa ikiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ya pili ni nyuklia Uyombo, kaunti ya Kilifi, megawati 1,000, jirani na Mida na msitu wa Arabuko Sokoke. Mei 2024 wakazi waliandamana na polisi wakatumia nguvu kuwatawanya. Baadaye macho ya serikali yakageukia Siaya, kando ya Ziwa Victoria.

Wanaotetea miradi hii hawakosi hoja. Nchi inakua, viwanda vinatakiwa, na mtambo mkubwa usiotegemea mvua una thamani yake. Lakini makaa na nyuklia, kama jotoardhi, ni mitambo inayopenda kukimbia mchana na usiku bila kupumzika. Kwenye gridi ambayo tayari inatupa mvuke saa nane za usiku, kuongeza mtambo mwingine wa aina hiyo ni kuongeza cha kutupa, isipokuwa kwanza umetafuta kazi ya usiku. Hesabu hiyo haikuonyeshwa wazi kwa watu wa Lamu wala wa Uyombo. Walielezwa ajira na barabara. Hawakuelezwa saa.

Wataalamu wanakadiria Bonde la Ufa laweza kutoa hadi megawati 10,000 za jotoardhi. Hatujafika hata sehemu moja ya kumi. Hata hivyo tusidanganyane kwamba mvuke ni mtelezo. Menengai uchimbaji ulianza 2011, na mtambo wa kwanza, wa megawati 35, ulianza kutoa umeme 2023. Miaka kumi na miwili! Kisima kimoja chaweza kuchimbwa na kikatoka kikavu. Na kuna watu. Mwaka 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa kupisha mtambo wa nne wa Olkaria, wakalalamika hadi Benki ya Dunia na benki ya uwekezaji ya Ulaya, na usuluhishi ukafikiwa 2016. Mwenye kusema nishati safi haina machozi hajafika huko.

Nani atakula mvuke wa usiku?

Wengine wameshauona. Mei 2024, kampuni ya Microsoft na ile ya G42 ya Imarati zilitangaza mpango wa kujenga kituo cha data cha dola bilioni 1 kitakachotumia umeme wa Olkaria, kuanzia megawati 100. Mashine za data hazilali, ndiyo maana zinaupenda mvuke. Na data yenyewe itapita wapi? Kwa nyaya za chini ya bahari zinazotua hapa Mombasa. Bahari ni yetu, mvuke ni wa Nakuru, mpango ni wa wageni. Si vibaya, lakini na sisi tuwe mezani.

Tuna kazi gani ya kuupa umeme wa usiku? Ya kwanza ni barafu. Msimu wa kaskazi samaki huwa wengi, na mvuvi wa Vanga au Kipini asiye na barafu hulazimika kuuza kwa bei ya kutupa kabla jua halijapanda. Mtambo wa barafu ukifanya kazi kuanzia saa sita usiku hadi alfajiri, barafu ile ni umeme uliowekwa akiba. Ni betri ya mvuvi.

Ya pili ni maji. Maji ya Baricho husukumwa kwa pampu za umeme hadi Malindi, Kilifi na Mombasa, na zaidi ya mara moja mitambo hiyo imekatiwa stima kwa sababu ya deni, mifereji ikakauka majumbani. Kusukuma maji usiku na kuyahifadhi kwenye matangi makubwa kwaweza kupunguza bili hiyo. Ya tatu ni usafiri. Tangu 2023 kuna bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo, na usiku hushuka hadi nusu. Tuktuk na bodaboda zinazolala zikichajiwa zingepunguzia vijana wetu gharama ya petroli.

Na jioni? Hapo yahitajika betri kubwa hapa Pwani kwenyewe, zijazwe na jua la Malindi mchana na mvuke wa Nakuru usiku, zitoe stima kati ya saa kumi na mbili na saa nne. Betri hizo pia zingeshikilia hospitali na pampu gridi inapoyumba.

Tuwaulize viongozi

Magavana sita wa Pwani wana jumuiya yao. Waiulize wizara ya nishati maswali matatu, na majibu yachapishwe. Ni kiasi gani cha mvuke kilichotupwa kila mwezi, na saa zipi? Mitambo ya mafuta ya Pwani iliwashwa saa ngapi, na kwa bei gani? Ni lini tutapata hifadhi ya umeme huku kwetu? Chuo Kikuu cha Pwani na chuo cha kiufundi cha Mombasa wapewe takwimu hizo wazifanyie kazi. Tuna wahandisi vijana wengi wanaozunguka na vyeti.

Swali la nne ni la haki, nalo latuhusu sisi na Nakuru pamoja. Sheria ya Nishati ya 2019 inasema mrabaha wa jotoardhi ugawiwe asilimia 75 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 5 kwa wakazi wa mahali penyewe. Watu wa Kwale wanajua umbali uliopo kati ya sheria na mfuko wa mwananchi. Madini yao ya titani yamechimbwa tangu 2013 hadi mgodi ukafungwa Desemba 2024, na mvutano juu ya fungu la wenyeji ukaendelea hadi mwisho. Kijiji cha Olkaria kikikosa fungu lake leo, kesho kutwa mradi wa Pwani utafuata desturi ile ile.

Kwa hivyo, safari ijayo ujumbe wa tokeni ukiingia, usiishie kwenye yuniti. Soma mstari wa mafuta. Kisha mwulize mbunge wako kwa nini waulipia, ilhali Nakuru kuna mvuke unaopeperuka.