Mtama si Chakula cha Aibu

Nilipozuru Liboi, mji ulio mpakani mwa Kenya na Somalia, nilikaribishwa anjera na chai ya maziwa ya ngamia. Nikamwuliza mama mwenye nyumba anjera hiyo ni ya unga gani.

"Wa ngano, mwalimu," akajibu. "Bibi yangu alitumia mtama. Siku hizi ukiwapa watoto mtama, watasema wamelishwa chakula cha njaa."

Jibu hilo lilinitia simanzi, kwani kazi yangu ni kuchunguza maana za maneno. Mtama ni mzaliwa wa Afrika hii hii. Mahindi, ambayo jina lake linatupeleka Uhindi, asili yake ni Mexico. Hata hivyo, mgeni amekaribishwa na mwenyeji ametengwa. Tangu 1991, wakimbizi walipoanza kumiminika kupitia Liboi, mtama umekuwa miongoni mwa nafaka za msaada. Neno likafungamana na dhiki.

Je, neno lililovunjiwa heshima haliwezi kurudishiwa? Hebu tuitazame Korea. Huko kuna nafaka iitwayo memil. Jina lake la Kiingereza huifanya ngano, ilhali si ngano wala si jamii ya nyasi. Hukomaa kwa miezi mitatu hivi katika ardhi duni ya milimani isiyofaa mpunga. Kwa hiyo ilikuwa tegemeo la maskini wa Gangwon. Mwaka 1936 mwandishi Lee Hyo-seok aliyaenzi maua yake meupe katika hadithi fupi, na leo watu husafiri hadi Bongpyeong kuyatazama. Tarehe 27 Aprili 2018, viongozi wa Korea mbili walipokutana Panmunjom, waliandaliwa tambi baridi za nafaka hiyo. Chakula cha maskini kikaketi mezani pa wakuu.

Simwambii mfugaji wa Liboi ashike jembe. Mvua haitoshi, na ukame wa 2020 hadi 2022 ulimwangamizia mifugo. Ninachosema ni kwamba sufuria za shule zetu zipike mtama ulionunuliwa kwa wakulima wa Kitui na Tharaka, ambako hustahimili jua pale mahindi yanaponyauka. Na mwalimu aule pamoja na wanafunzi wake, kwa maana anachokula mwalimu hadharani, mtoto hakionei haya.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa.