Mashine ya Kutafsiri na Kiswahili cha Machimboni

Kutafsiri kwa mashine ni jambo lililoanza zamani kidogo. Mwezi Januari 1954, mjini New York, kompyuta ya kampuni ya IBM ilionyeshwa hadharani ikigeuza sentensi zaidi ya 60 za Kirusi kuwa Kiingereza, kwa msamiati wa maneno 250 na kanuni sita tu za sarufi. Leo mwananchi wa Chunya mwenye simu ifaayo huweza kuiuliza jambo kwa Kiswahili, naye akajibiwa kwa Kiswahili. Basi yatupasa tujiulize: mashine hiyo inakijua Kiswahili cha nani?

Katika kulijibu swali hili, yafaa tuanze na kazi za Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Ufini, aliyeanza kushughulikia uchambuzi wa Kiswahili kwa kompyuta katika miaka ya 1980. Mwaka 1992 alichapisha makala yaliyoeleza namna maumbo ya maneno ya Kiswahili yanavyoweza kuandikiwa kanuni zinazofuatwa na kompyuta. Alitumia mbinu ambayo Mfini mwenzake, Kimmo Koskenniemi, aliitoa mwaka 1983. Mwaka 1999 akaueleza mfumo wake uitwao SALAMA, ambao ndio msingi wa kazi zake za kutafsiri Kiswahili kwa Kiingereza.

Ugumu wa kazi hiyo utaonekana katika neno moja, "hawakutuambia". Mwanafunzi wa kidato cha pili atalipambanua hivi: ha- ya ukanushi, -wa- ya watendaji, -ku- ya wakati uliopita, -tu- ya watendewa, kisha shina la kitenzi na irabu ya mwisho. Kiingereza kinahitaji maneno matano kueleza hayo. Aidha, "nitawaambia" yaweza kuwa na maana ya ninyi au ya wao, na "kaa" yaweza kuwa mnyama wa majini, kipande cha moto, au amri ya kuketi. Mtu huamua maana kwa kuangalia mazungumzo yote. Mashine sharti ifundishwe.

Mitambo ya siku hizi haiandikiwi kanuni moja moja kama SALAMA. Hujifunza yenyewe kutoka katika maandishi mengi mno. Lakini maandishi hayo ni yapi? Hazina ya Kiswahili ya Helsinki, katika toleo lake la 2016, ina maneno yapatayo milioni 25, ambayo mengi yametoka katika magazeti, vitabu na taarifa za Bunge. Katika mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla, watu wa kujitolea hurekodi sauti zao, na sehemu kubwa ya kazi hiyo imekuwa kusoma sentensi zilizokwisha andikwa. Hizo ni kazi za kusifiwa. Hata hivyo, kusoma sentensi ni tofauti na kuzungumza.

Hapa ndipo Chunya inapoingia. Tangu dhahabu ya Lupa ianze kuchimbwa katika miaka ya 1920, watu wa makabila mengi wamekutana huko na wenyeji kama Wakimbu, na Kiswahili kimewaunganisha kazini. Kamusi husema duara ni umbo la mviringo. Kwa mchimbaji mdogo, duara ni shimo analoshuka kutafuta mawe ya dhahabu. Marudio, kwake yeye, ni mchanga uliokwisha kuoshwa ambao bado una dhahabu kidogo. Mwalo ni mahali pa kuoshea, wala hapana mvuvi hapo. Mashine iliyolelewa na magazeti itatafsiri kwamba mtu ameangukiwa na kifusi ndani ya mviringo!

Kosa hilo laweza kuchekesha, lakini lipo lisilochekesha. Wachimbaji wadogo huchanganya dhahabu na zebaki, kisha huunguza mchanganyiko huo ili zebaki itoke. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, na mvuke wake hudhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Mtu akiuliza afanyeje, jibu "usiichome ndani ya nyumba" humwokoa. Jibu "uichome ndani ya nyumba" humwangamiza, yeye na watoto walio karibu. Tofauti ni silabi moja, -si-, ambayo kelele za karasha zaweza kuimeza kabla haijafika kwenye simu.

Wapo watakaosema kwamba maneno ya machimboni ni lugha ya mitaani isiyostahili kuingia katika sayansi. Mimi sikubaliani nao. Istilahi huzaliwa pale kazi inapofanyika, na mfanyakazi ndiye mtaalamu wa kwanza wa kuieleza. Tukilidharau neno lake, tutakuwa tumemnyima pia maarifa yanayopitia katika neno hilo.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili yasiyohitaji fedha nyingi. Kwanza, kila shule ya sekondari katika Nyanda za Juu Kusini ianzishe daftari la maneno ya kazi: ya machimboni, ya mabani ya kukaushia tumbaku, ya mashamba ya chai. Kila neno liandikwe pamoja na maana yake, sentensi kama ilivyotamkwa, mahali na mwaka. Jina la msemaji lisiandikwe bila ridhaa yake. Nakala zipelekwe Baraza la Kiswahili la Taifa na katika vyuo vikuu vyetu.

Pili, walimu wa Kiswahili na wa Kemia washirikiane kuipima mashine. Wanafunzi waandike maagizo kumi ya usalama, wayatafsiri kwa mashine kwenda Kiingereza na kuyarudisha, kisha wahesabu ni mara ngapi katazo limegeuka kuwa ruhusa. Hesabu hiyo itawafundisha sarufi, kemia na tahadhari kwa pamoja. Hadi matokeo yaridhishe, agizo lolote linalohusu uhai lipitiwe na mtu anayeijua kazi kabla ya kumfikia mchimbaji.