Payton, Smart na ulinzi wa vijana wafupi wa Moshi

Na Mwandishi Wetu, Moshi

ULINZI katika mpira wa kikapu nchini umezoeleka kupimwa kwa urefu, hasa tangu Hasheem Thabeet, mwenye mita 2.21, alipochaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies mwaka 2009. Hata katika NBA, tuzo ya mlinzi bora wa msimu, iliyoanza 1983, mara nyingi imekwenda kwa majitu ya chini ya kikapu. Mkongomani Dikembe Mutombo peke yake aliitwaa mara nne.

Hata hivyo, pointi gadi wawili, yaani wachezaji wanaouleta mpira na kupanga mashambulizi, nao waliipata: Gary Payton wa Seattle SuperSonics mwaka 1996 na Marcus Smart wa Boston Celtics mwaka 2022. Kila mmoja ana urefu wa takriban mita 1.9. Kwa vijana wa Moshi, ambao wengi hawatafika hata hapo, kuwalinganisha wawili hawa kuna manufaa.

Payton alimganda mtu mmoja. Msimu wa 1995/96 aliongoza ligi kwa kupora mipira, wastani wa 2.9 kwa mchezo. Ushahidi mkubwa ni fainali ya mwaka huo dhidi ya Chicago Bulls. Katika michezo mitatu ya kwanza Michael Jordan alifunga wastani wa pointi 31. Payton alipokabidhiwa kazi ya kumkaba kuanzia mchezo wa nne, wastani huo ulishuka hadi chini ya 24. Chicago walitwaa ubingwa, lakini baada ya kupoteza michezo miwili.

Smart ni mlinzi wa aina nyingine. Wastani wake wa kupora ulikuwa 1.7 tu. Thamani yake ilikuwa katika kubadilishana wapinzani na wenzake bila kuacha mwanya, hata alipoangukiwa na jitu linalomzidi kichwa kizima. Boston ilikuwa na ulinzi bora wa ligi msimu huo. Lakini katika fainali Stephen Curry aliwafunga pointi 43 katika mchezo wa nne, nao wakapoteza ubingwa kwa Golden State Warriors.

Kwa kumkaba mtu mmoja, Payton ni zaidi, tena kwa mbali. Ila waamuzi wa enzi zake walivumilia zaidi mkono wa mlinzi kiunoni mwa mshambuliaji. Kuanzia msimu wa 2004/05 NBA ilikaza sheria hiyo, na sheria za kimataifa, zinazotumika hapa nchini, nazo huuhesabu mkono huo kuwa madhambi.

Kwa hiyo kocha wa Moshi au Marangu atafaidika zaidi na Smart: miguu myepesi, kifua mbele ya mpinzani, mikono wazi, na sauti ya kumwambia mwenzake nani anamchukua nani. Mazoezi hayo hayahitaji mchezaji mrefu, wala uwanja wa ndani.