DAMU YA MTOTO NI YA WAZAZI WAWILI

Mara kwa mara twasikia kwamba mama fulani amefukuzwa na mumewe kwa kuwa watoto wake huumwa mifupa, hupungukiwa damu na kufa wangali wachanga. Majirani husema amerogwa. Ukoo wa mume husema damu ya mke ni mbaya. Twailaani tabia hiyo waziwazi, maana ni dhuluma.

Maradhi hayo mara nyingi ni selimundu, ambayo wengi huiita sikoseli. Chembe nyekundu za damu, zilizo za mviringo na zenye kuishi kiasi cha siku 120, hujikunja mfano wa mundu, huziba mishipa midogo na kuvunjika baada ya siku 10 hadi 20 tu. Mtoto haugui ila arithi kasoro kwa baba na kwa mama pia. Wazazi wote wawili wakiibeba, nao wazima kabisa, kila mimba ina hatari ya moja katika nne. Basi huyo mume amfukuzaye mkewe, ataoa wapi asikokwenda na damu yake?

Jambo hili si geni Uganda. Mwaka 1949 Lehmann na Raper walikuta Baamba wapatao asilimia 45 wanaibeba kasoro hiyo. Mwaka 1954 Allison akaonyesha kwamba wabebaji hukingwa kwa kiasi na malaria. Uchunguzi wa damu ya watoto wachanga zaidi ya 97,000, uliotangazwa mwaka 2016, ulikuta wabebaji asilimia 13.3 na wagonjwa asilimia 0.7.

Tiba ipo. Mabingwa wa hematolojia, yaani elimu ya damu na maradhi yake, walijaribu vidonge vya haidroksiyurea kwa watoto wa Angola, Kongo, Kenya na wa hapa kwetu Mbale. Matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha kupungua kwa maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo. Lakini dawa hiyo haimezwi ovyo. Hutaka damu ipimwe mara kwa mara.

Sisi wa jeshini twaongeza neno: mbebaji aweza kuwa askari hodari, ila katika mwendo mrefu wa jua kali makamanda wahakikishe anapata maji na mapumziko.

Wachumba na wapimwe kabla ya ndoa, na watoto wapimwe wazaliwapo. Ama yule mama aliyefukuzwa, arudishwe nyumbani kwake, na mumewe afuatane naye hospitali akatolewe damu yeye pia.