Mahaba Hayakuja na Meli ya Wamisionari

Ipo imani iliyokita mizizi kuanzia Migori hadi Homa Bay, na mara nyingi wanaoieneza ni watu waliosoma: kwamba Waluo wa kale walijua ng'ombe wa mahari tu, na mahaba wakaletewa na Mzungu pamoja na filamu na kadi za Februari 14. Ushahidi wanaoutoa ni kwamba Wagiriki walikuwa na Eros, Warumi wakawa na Cupid, ilhali Mluo hakuwa na mungu wa mapenzi.

Hoja hiyo haisimami, hata huko Ugiriki kwenyewe.

Hesiod, yapata miaka 2,700 iliyopita, alimhesabu Eros miongoni mwa vilivyotangulia kuwapo ulimwenguni, nguvu inayowalegeza miungu na wanadamu. Hapo hakuna kitoto chenye mabawa. Mtoto tunamkuta kwa Apollonius wa Rhodes, karne ya 3 kabla ya Kristo: mtukutu anayecheza vifupa na kumshinda mwenzake, hadi mama yake, Aphrodite, anamhonga mpira ili akamfume msichana Medea mshale wa mapenzi. Ovid wa Roma naye akamfanya mchokozi anayeuharibu mstari wa mshairi makusudi, ili aache vita atunge mahaba. Washairi ndio waliomfinyanga mungu huyu, kila mmoja kwa mahitaji ya zama zake. Kumdai Mluo Cupid wake kabla ya kukubali kwamba alipenda ni kuanzia mkiani.

Kosa hilo lilikwisha kukemewa: Okot p'Bitek, Mwacholi wa Uganda aliyewahi kufanya kazi Kisumu, aliwashambulia mwaka 1970 wasomi wanaoivika miungu ya Afrika mavazi ya Kigiriki. Miaka minne baadaye alichapisha Horn of My Love, mkusanyo wa nyimbo za Waacholi, ndugu wa Waluo kwa lugha.

Waluo wenyewe wana oigo, wimbo wa mahaba. Wasichana waliuimba usiku wakienda kuwatembelea vijana katika simba, nyumba ya kijana asiyeoa. Sauti ilitetemeshwa kooni, ikapanda na kukatika kama kilio, na ndani yake mlikuwa na hamu, majivuno na uchungu wa kungoja. Msomi Henry Owuor Anyumba aliandika kuhusu wimbo huo. Ni yuleyule ambaye mwaka 1968, pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o na Taban lo Liyong, alitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe katika chuo kikuu cha Nairobi. Linganisha wimbo huo na Cupid: mpenzi wa Ovid hufumwa mshale akaanguka. Msichana wa oigo anatembea kwa miguu yake, anajua aendako, na anataka asikike.

Wapo watakaosema mahari yanathibitisha kwamba ndoa ilikuwa biashara. Ng'ombe walikuwa makubaliano ya miji miwili. Wimbo ulikuwa wa msichana. Na uzi huo haukukatika: Okatch Biggy, aliyefariki mwaka 1997, aliimba muziki wa benga akiwataja wanawake kwa majina, Helena na Adhiambo, bila kuazima upinde wa mtu.

Shule zinazomfundisha mtoto wa Rongo au Mbita habari za Cupid zimfundishe oigo kwa uzito uleule. Rongo kuna chuo kikuu, na Homa Bay kuna Chuo Kikuu cha Tom Mboya. Wanafunzi wao waende na vinasa sauti kwa bibi wa Karachuonyo na Kanyamkago, mwaka huu, wakati wanaokumbuka nyimbo hizo wangali hai.